Treni Iliyorudi Nyuma

Ukisafiri kwa Reli ya Kati kutoka Dar es Salaam, mpaka Kilosa hujui kama kuna mlima. Treni inakwenda kwenye tambarare, abiria wanakula walichofungashiwa nyumbani, watoto wanalala. Baada ya Kilosa reli inaingia bonde la Mkondoa, inapita Kidete, Godegode na Gulwe, kisha inaukabili mwinuko wa Msagali na Igandu kabla ya kufika Kikombo na Dodoma. Kilosa iko kwenye kimo cha mita 500 hivi kutoka usawa wa bahari. Dodoma iko juu ya mita 1,100. Wajerumani waliojenga njia hii kati ya 1905 na 1914 waliipindisha ifuate mabonde, lakini mlima ulibaki palepale, na kila treni inayokwenda bara lazima iupande ikiwa na uzito wake wote.

Jumatatu tarehe 24 Juni 2002, asubuhi, treni ya abiria iliyobeba watu zaidi ya 1,200 ilipita Msagali ikielekea Igandu. Ikapata hitilafu kule mlimani, ikaanza kurudi nyuma. Mwendo ukazidi, dereva hakuweza tena kuizuia, na huko chini ikakutana na treni ya mizigo iliyokuwa ikienda polepole kwenye njia hiyohiyo moja. Walikufa watu 281. Haijatokea ajali mbaya kuliko hiyo katika historia ya reli ya Tanzania.

Mimi ni mtoto wa kota za reli. Baba yangu alikuwa wa gangi, hapohapo Gulwe, kazi yake kukaza misumari, kubadili mataruma na kuamka usiku wa masika kutazama kama maji ya mto yameanza kula tuta. Baba Mdogo alikuwa gadi. Sisi watoto tulizijua treni kwa sauti: tulijua ipi ina mzigo mzito, ipi imechelewa, ipi ina gurudumu lenye bapa linalogonga reli kila linapozunguka. Naandika haya kwa sababu, kwa miaka yote tangu 2002, nimesikia watu wakiieleza ajali ile kama ghadhabu ya Mungu au balaa lililoshuka lenyewe. Nilikulia kati ya watu waliojua kwamba treni hairudi nyuma mlimani kwa bahati mbaya tu, na ninaona tuna deni la kulisema jambo hilo kwa sauti.

Mwaka huo nilikuwa nikifanya kazi mjini Dodoma. Ilikuwa Juni, Bunge la bajeti linaendelea, nyumba za wageni zimejaa. Ulikuwa pia mwaka wa Kombe la Dunia la Korea na Japani, na mchana vijana walijazana kwenye vibanda vyenye televisheni. Habari ya kwanza niliyoisikia ilikuwa ya treni "iliyopata ajali kidogo" huko Msagali. Kufikia saa sita mchana hakuna aliyekuwa akisema neno "kidogo". Malori na magari ya watu binafsi yalikuwa yakiingia mjini na majeruhi, na foleni ya watu wa kutoa damu ilikuwa imeshapangwa. Miili ilipelekwa Uwanja wa Jamhuri.

Nilikwenda uwanjani na mama mmoja jirani yetu. Binti yake alikuwa akirudi kutoka Dar es Salaam, na hakuna aliyejua kwa hakika kama alipanda treni ile au alibaki kungoja nyingine. Sitaeleza kila nilichokiona, kwa heshima ya wenyewe. Nitasema moja. Watu hawakuwatambua wapendwa wao kwa sura. Waliwatambua kwa mkanda wa saa, kwa kiatu kilichoshonwa na fundi wa mtaani, kwa khanga. Yule mama alitembea polepole, mkono wake umeshika mkono wangu, mpaka akasimama penye upindo wa kitenge. Alikuwa ameushona yeye mwenyewe kwa uzi wa kijani, kwa sababu siku ile uzi mweupe ulimwishia. Akachuchumaa, akaupitisha ule upindo katikati ya vidole vyake kama anayekagua mshono, akasema, "Ni huu." Hakusema zaidi. Wale ambao hawakupata mtu wa kuwatambua walizikwa pamoja, Maili Mbili, nje kidogo ya mji.

Katika siku zile za mwanzo maneno mengi mitaani yalikuwa ya hujuma. Nani ameihujumu treni? Baadaye yakawa ya uzembe: dereva ni nani, ametoroka, akamatwe. Ninaelewa. Mtu aliyefiwa anataka uso wa kuutazama. Lakini usiku wa matanga, Baba Mdogo, aliyekuwa ameshastaafu, alikaa kwenye mkeka na maswali yake yalikuwa mengine kabisa. Nilipomwamkia na kumweleza tuliyoyaona uwanjani, aliitikia marahaba, akakaa kimya kitambo, kisha akaniuliza kama nimesikia popote breki ngapi za mkono zilikuwa zinafanya kazi kwenye treni ile. Nikamwambia sijasikia. Akauliza nani alikuwa nyuma. Akauliza ile ya mizigo iliruhusiwa vipi kuwa pale ilipokuwa. Akauliza ni nani aliyeshuhudia jaribio la breki la mwisho, na mshale ulisoma ngapi.

"Mwanangu," akasema, "dereva utampata tu. Hayo mengine yakipotea hutayapata tena."

Ili msomaji aelewe uzito wa maswali hayo, lazima ajue breki ya treni inavyofanya kazi, na si jambo gumu. Chini ya mabehewa yote kuna bomba moja linaloanzia kwenye kichwa cha treni hadi behewa la mwisho, likiungwa kwa mipira kati ya behewa na behewa. Mfumo umebuniwa hivi kwamba bomba likikatika popote, breki zijibane zenyewe treni nzima. Ni ubunifu mzuri sana, na umeokoa watu wasiohesabika. Lakini una sehemu mbili za hatari. Kwenye ncha za kila behewa kuna koki, na koki moja ikifungwa katikati ya treni, dereva anabaki akitawala mabehewa ya mbele tu, huku geji yake ikimwambia kwamba mambo ni sawa. Ndiyo maana jaribio la breki halikamiliki mpaka mtu asimame mkiani na kuona kwa macho yake kwamba breki za behewa la mwisho zimebana na zimeachia. Hatari ya pili ni muda. Treni ikisimama mlimani na mfumo haulishwi na injini, nguvu iliyozishika breki huvuja kidogo kidogo, hadi magurudumu yanabaki huru. Kwa hiyo mtu aliyefundishwa kazi, treni ikikwama mlimani, jambo lake la kwanza ni breki za mkono na kabari chini ya magurudumu. Ukarabati unafuata baadaye.

Baba Mdogo alinionyesha hayo nilipokuwa mdogo, treni ikiwa imesimama Gulwe. Alinipandisha kwenye behewa lake la nyuma, akaniwekea mikono kwenye usukani wa chuma wa breki ya mkono, akaniambia niuzungushe. Ulikuwa baridi na mzito, na sehemu zinazoshikwa zilikuwa zimeng'aa kwa viganja vya watu waliotangulia, wakati sehemu nyingine ina kutu. Nilizungusha mpaka ukagoma. Akashika yeye, akauongeza mizunguko mingine kadhaa. "Hapo ulipoishia wewe," akasema, "treni bado inaondoka." Kisha akashuka na tochi, akatembea ubavuni mwa treni nzima na kurudi, akipiga teke kabari moja moja kuona kama imeshika. Abiria walikuwa madirishani wakinunua karanga na mayai. Hakuna aliyemtazama.

Katika miaka iliyofuata nilianza kusoma habari za ajali za reli za nchi nyingine, na nililokuta ndilo lililonifanya niandike.

Tarehe 25 Mei 2002, siku 30 tu kabla ya Igandu, kusini mwa Msumbiji mahali paitwapo Tenga, treni iliyochanganya abiria na mizigo ilipata hitilafu kwenye mteremko. Mabehewa ya abiria yakatenganishwa na ya mizigo, yakazuiwa kwa mawe chini ya magurudumu. Mawe hayakuhimili. Mabehewa yakateremka, yakayagonga yale ya mizigo, na watu wapatao 200 wakafa. Msumbiji ni jirani yetu. Tunapakana naye mtoni Ruvuma. Vyombo vya habari vilitangaza msiba ule, serikali zikatumiana salamu za rambirambi. Ninachojiuliza mpaka leo ni kama katika siku zile 30 kuna mtu yeyote aliyekaa na madereva na magadi wa reli zetu, akawachorea ubaoni kilichotokea Tenga, akawauliza: kwetu, pale Igandu, ingekuwaje?

Rudi nyuma zaidi. Tarehe 12 Juni 1889, Ireland, watoto wa shule ya Jumapili wa mji wa Armagh pamoja na wazazi na walimu wao walikuwa wakienda ufukweni kwa treni. Injini ikashindwa mlima, karibu kabisa na kilele. Wakubwa wa treni wakaamua kuikata vipande viwili na kupeleka kwanza sehemu ya mbele. Mabehewa 10 ya nyuma yakaachwa yakishikwa na breki ya mkono na mawe chini ya magurudumu. Breki za treni ile zilikuwa za aina isiyojibana yenyewe treni inapokatwa. Sehemu ya mbele ilipoanza kuondoka ikarudi kidogo, ikayagusa mabehewa ya nyuma, mawe yakasagika, na mabehewa yaliyojaa watoto yakashuka mlima mpaka yakaigonga treni nyingine iliyokuwa ikipanda nyuma yao. Walikufa watu 80, wakiwemo watoto wengi.

Nilipoisoma habari ile mara ya kwanza nilihisi nasoma habari za Tenga, na za kwetu. Mlima uleule, mawe yaleyale, treni nyingine iko nyuma. Kati ya Armagh na Igandu kuna miaka 113.

Lakini angalia kilichofuata kule. Uingereza, iliyoitawala Ireland wakati huo, ilikuwa na wakaguzi wa reli wa serikali tangu 1840, watu ambao kazi yao ilikuwa kwenda mahali pa ajali, kuhoji mashahidi na kuandika ripoti inayosomwa na mtu yeyote. Meja Jenerali Hutchinson ndiye aliyetumwa Armagh. Bunge halikuishia kuwalaani waliowafungia watoto breki za mawe. Tarehe 30 Agosti 1889, kabla miezi 3 haijatimia, sheria ilikuwa imepita: treni zote za abiria ziwe na breki zinazojibana zenyewe, na kipande kimoja cha reli kisiwe na treni mbili kwa wakati mmoja. Mambo hayo yalikuwa yakipendekezwa kwa miaka mingi na kampuni za reli zilikuwa zikiyapinga kwa sababu ya gharama. Ilibidi watoto wafe kwanza. Hata hivyo yaliandikwa, yakawa sheria, na kila gadi aliyefundishwa kazi kwa kanuni zilizotoka huko, pamoja na Baba Mdogo kule Gulwe, alirithi kitu kutoka kwa watoto wa Armagh bila kuwajua.

Uchunguzi unaofaa unatakiwa kufika mahali ambapo hakuna anayependa kutazamwa. Wajapani walifika huko baada ya tarehe 25 Aprili 2005, treni ya asubuhi ilipoacha reli kwenye kona mjini Amagasaki na kujibamiza kwenye jengo la makazi. Walikufa watu 107, akiwemo dereva mwenyewe, kijana wa miaka 23. Kona ile iliruhusu mwendo wa kilomita 70 kwa saa. Yeye aliingia na 116. Mtu angeweza kufunga jalada hapo: kijana alikimbiza treni, kijana amekufa, basi. Wachunguzi hawakulifunga. Waliuliza kwa nini alikimbiza, wakakuta kwamba kituo kilichotangulia alipitiliza mahali pa kusimama, akachelewa kama dakika moja na nusu. Wakauliza kwa nini dakika moja na nusu imtie mtu wazimu namna hiyo, wakakuta kwamba madereva wanaochelewa walikuwa wakipelekwa kwenye mafunzo ya adhabu, wanakaripiwa na kuandikishwa kurasa za kujilaumu, na kijana yule alikuwa ameshayapitia. Wakauliza pia kwa nini mfumo wa kuisimamisha treni yenyewe inapozidisha mwendo haukuwa umefungwa kwenye kona ile. Ripoti ilitoka 2007, na yote hayo yamo.

Nasisitiza habari ya hofu kwa sababu naijua. Kwenye kota tulisikia wazee wakizungumza jioni, na mazungumzo yao hayakuwa ya milima tu. Yalikuwa ya behewa ambalo breki yake ya mkono haizunguki na limeandikwa kwenye daftari wiki baada ya wiki, na ya mtu anayekataa kuondoka na treni mpaka itengenezwe, kisha anaitwa mchelewesha kazi. Baada ya muda mtu anajifunza kuondoka. Hilo laweza kutokea kwenye reli yoyote duniani, na hakuna kifaa kinacholipima. Linapatikana tu pale mchunguzi anapokaa na mfanyakazi wa chini, bila bosi chumbani, na kumhakikishia kwamba ukweli wake hautamfukuzisha kazi. Polisi hawezi kufanya uchunguzi huo, kwa sababu kazi yake ni kutafuta mshitakiwa, na mbele ya polisi kila mtu anajitetea. Kazi hizo mbili zinahitaji watu wawili tofauti.

Kuna jambo jingine linalonihuzunisha, nalo ni kumbukumbu ya kazi yenyewe. Reli ileile imebadilishiwa jina na mwenyewe mara kadhaa tangu ajali. Mwaka 2007 iliingia Kampuni ya Reli Tanzania, TRL, kwa ubia na kampuni ya RITES ya India. Ubia ukavunjika, serikali ikaichukua tena, na kwa Sheria ya Reli ya 2017 tukarudi kwenye Shirika la Reli Tanzania. Usimamizi wa usalama nao ulipita SUMATRA, na tangu 2019 uko LATRA. Katika kila hatua watu walistaafishwa, ofisi zikahamishwa. Shirika lililopata ajali linaweza kuandika somo lake vizuri kabisa na somo likabaki kwenye kabati la ofisi ambayo haipo tena. Baba Mdogo alikufa na mengi kichwani. Wenzake pia. Hakuna aliyekwenda na kinasa sauti kukaa nao barazani, na mimi niliyekuwa nao nilichukua machache tu.

Sasa tuna reli mpya. Agosti 2024 treni za umeme za SGR zilizinduliwa rasmi mpaka Dodoma. Zinakwenda hadi kilomita 160 kwa saa, na zinaongozwa kwa mfumo wa kisasa wa ishara unaofuatilia treni ilipo na mwendo wake. Nimeipanda, nikafurahi kama mtoto. Usiku mzima wa safari umekuwa saa chache. Lakini reli ya zamani ingali inafanya kazi pembeni, ina mabehewa ya zamani na mlima uleule, na wanaoitegemea ni watu wa Gulwe, wa Malongwe, wa Uvinza, ambao nauli na kituo cha SGR haviwafikii. Usalama wao usipungue eti kwa kuwa macho ya nchi yamehamia kwenye reli ya umeme. Na hiyo ya umeme nayo ina binadamu ndani yake: mafundi wanaotia saini karatasi, waongozaji wanaochoka usiku, wakubwa wanaotaka ratiba isikosewe.

Kwa hiyo ninaomba mambo ambayo hayahitaji mkopo. Kila ajali ya treni yenye kifo ichunguzwe na chombo kisichoendesha reli na kisichotafuta wa kumfunga. Ripoti yake iandikwe kwa Kiswahili, lugha ya dereva, gadi na abiria, na iwekwe mahali ambapo mtu yeyote anaweza kuisoma bila kuandika barua ya kuomba. Kila Juni, katika Chuo cha Reli Tabora, wanafunzi wakae siku nzima na Igandu: wachore mlima, waweke treni mbili kwenye njia, waulizane kila swali aliloliuliza mzee yule usiku wa matanga, na wasitoke darasani mpaka wamelijibu. Ajali ya Tenga iwe kwenye somo hilo, na ya Armagh. Mwenye jamaa aliyezikwa Maili Mbili aalikwe, akitaka, aje awaambie vijana wanaokwenda kukabidhiwa treni jina la mtu wake.

Na wewe uliyefanya kazi reli, uliye mstaafu sasa huko Morogoro, Tabora au Kigoma: waite wajukuu, waambie wachukue simu zao wakurekodi. Anza na siku uliyokataa kuondoka na treni, na sababu yake.